Mguu wa Musizi

Mteja akiingia karakana yangu hapa Bombo
hutaja mvule kabla hajanisalimu.
Mlango wa mvule, kitanda cha mvule,
kana kwamba ubao ni ukoo.
Nampa bei. Anakohoa.
Macho yanashuka taratibu hadi pale pembeni
penye mbao za manjano zisizoulizwa jina.

Musizi huo. Unyanyue:
mtoto wa shule hubeba ubao mzima begani
na mkono wa pili bado unakula muwa.
Mpanzi wake ni hondohondo; hula tunda, hutema kokwa
katikati ya mibuni ya watu, bila kubisha hodi,
na kabla mwenye shamba hajamaliza kunung'unika
mti umelipita paa la kanisa.

Upasue leo, ndani ni kiini cha yai.
Juma lijalo ni chai iliyosahauliwa jikoni.
Msumari huingia kama mgeni aliyealikwa,
randa hupita haigombi, ila pale nyuzi zinapogeuka
unasimamisha manyoya, na hapo ujue
nao una kichwa kigumu.
Aibu zake sizifichi:
ulaze kwenye udongo mbichi, mchwa watakushukuru;
mvua mbili, ukungu umeshauandika mgongoni.

Basi kazi zake ni kazi za kupita.
Makasha ya nyanya.
Mbao za kumwagia zege: likishashika zinabanduliwa,
ghorofa linasimama, nani anauliza lilishikwa na nani?
Na majeneza ya wasio na akiba. Nimepigilia mengi.
Wabebaji wanne, njia ya kilima,
sijasikia aliyelalamikia uzito.

Mwaka ule sajini mstaafu Okwonga aliingia kwa magongo,
mguu wake kaufunga mgongoni kwa mshipi.
Mguu wa mvule. Fundi aliyeuchonga alikuwa fundi:
unang'aa, na kidole gumba kina hata ukucha.
"Mzuri sana," akasema. "Huuvaa nikikaa."
Akanipa niushike.
Mkono ulishuka wenyewe.

Sikujibu. Nikapima goti kwa kamba ya katani,
nikashusha darini musizi uliokauka miezi minane,
nikaukomba ndani kwa patasi, nikautandika ngozi ya mbuzi,
nikaupaka oili chafu mara tatu kwa ajili ya wadudu.
Ulinuka gereji. Ukucha sikuweka.

Akauvaa. Akaenda hadi mlangoni. Akaendelea.
Nikabaki na magongo yake na deni la elfu ishirini
mpaka saa kumi na moja jioni,
aliporudi na vumbi hadi kwenye nyusi.
"Nimefika sokoni," akasema, "sikuwa na cha kununua."
Kisha akaketi, akaugonga mguu kwa kidole. "Utadumu?"
"Haudumu. Miaka miwili, ukiuanika vizuri."
Akacheka hadi kofia ikaanguka.
"Hata ule wa nyama haukudumu."

Sasa yuko kwenye wa nne. Ijumaa nilimfuata kwake
nikapime wa tano. Mkewe, Lanyero,
alikuwa anakusanya mayai, akaniita nitazame banda.
Limesimama kwa miguu.
Mitatu ni yangu, naijua kwa patasi yangu,
mmoja umeliwa hadi kwenye kifundo,
umewekewa jiwe chini, na bado umeegemea.
Kona ya nne, umezama ardhini, ni ule wa mvule.
Mchwa wamejenga njia, wakaufikia,
wakazunguka, wakaenda zao.
Ukucha bado unang'aa, kuku wameunyea.

Nikatoa kamba. Sajini akanyoosha goti,
akatazama banda, akanitazama.
"Safari hii," akasema, "weka ukucha."